Kijana wa nyenje Nzuguni: miezi saba nanunua kwake, na vyura wangu wanakula

Siku ya kumi na moja chura mwekundu alikuwa bado hajatia kitu mdomoni. Nilimweka kwenye mizani ya maabara: siku alipoletwa alikuwa na gramu 8.9, siku hiyo gramu 7.4. Kwa mnyama mdogo kiasi hicho, gramu moja na nusu si jambo la kusubiri kesho. Nilikuwa nimeshajaribu panzi, mende wadogo, funza, minyoo na nondo wanaozunguka taa ya barazani. Wote aliwapita kama hawapo. Ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia kuna kijana Nzuguni, hapahapa Dodoma, mbele kidogo ya viwanja vya Nanenane, anafuga nyenje na kuwauzia wafuga kuku. Nimenunua kwake tangu Januari hadi sasa Agosti, na nayaandika haya kwa sababu bila yeye ningekuwa nimewazika vyura wangu wote.

Mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari, naishi Ipagala. Desemba, mvua za mwanzo ziliponyesha, dimbwi moja upande wa Ihumwa lilikuwa linafukiwa na greda kupisha ujenzi. Wanafunzi wangu wanaokaa huko wakaja shuleni na ndoo. Ndani mlikuwa na vyura wanne. Wawili ni wale wakubwa wa kijani wanaojifukia ardhini kiangazi kizima na kuibuka na mvua, ambao wataalamu huwaita Pyxicephalus; ukimpelekea kidole anauma, na utalijua jino lake. Mmoja ni wa mistari, Kassina senegalensis, anayelia usiku kama tone la maji linaloangukia mtungini. Wa nne ni mweusi mwenye mistari miwili myekundu kutoka puani kupita juu ya macho hadi kiunoni, Phrynomantis bifasciatus. Huyu haruki, anatembea. Ndiye huyo niliyemtaja, ninayemwita mwekundu kwa mistari yake.

Mnyama wa porini hafugwi kwa kuokota tu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, nami nilikifuata ofisini kabla ya kupanga matangi. Na chura mwekundu asikae na wenzake hata kwa muda mfupi: ngozi yake hutoa ute wenye sumu unaoweza kuua vyura wengine waliomo katika chombo kimoja, na ukimshika ukiwa na mchubuko utauona moto wake. Yeye ana tangi lake, na mimi nina glavu zangu.

Ugumu wa kumlisha chura aliyetoka porini ni huu: chura haoni chakula, anaona mwendo. Mdudu aliyekufa, awe mnono namna gani, kwake ni jiwe. Na hata anayetembea hataliwa ikiwa chura bado ana hofu. Porini alikuwa na giza, tope na ukimya. Kwako ana kioo pande nne na watoto arobaini wanaochungulia. Nilifunika matangi kwa magunia pande tatu, nikaweka vigae vya kujificha, nikapiga marufuku kugonga kioo. Maji ya bomba nayaacha kwenye beseni wazi siku nzima ili klorini ipungue, kisha nanyunyizia jioni, maana chura wa Dodoma anajua kwamba unyevu ndio wakati wa kula. Haya yote niliyafanya, na bado wanne wale waligoma. Kilichokosekana kilikuwa mdudu anayefaa, wa ukubwa unaofaa, akiwa hai na mwenye nguvu.

Wanafunzi huwa nawasimulia habari za vyura wa Kihansi, wale wadogo wa kwenye manyunyu ya maporomoko, Udzungwa. Mwaka 2000 karibu 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, mto ulipopunguziwa maji kwa ajili ya umeme. Wataalamu wakubwa, wenye maabara na fedha, na bado miaka ya mwanzo vyura wengi walikufa mikononi mwao. Ilibidi na wadudu nao wafugwe, inzi wadogo wa matunda na nyenje waliotoka kuanguliwa, ili viumbe wa sentimita mbili wapate cha kumeza. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, wazao wa wale waliolishwa ugenini. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mtu hapahapa mjini anafuga nyenje, nilipanda bodaboda jioni ileile.

Banda lake ni la mabati, limeegemea ukuta wa nyumba ya bibi yake. Ndani kuna ndoo za lita ishirini zimepangwa mistari miwili, kila moja ina vipande vya trei za mayai vimesimamishwa, na juu imefungwa chandarua kwa mpira wa baiskeli. Unaingia na kelele inakupokea, maana madume wanaimba mchana kutwa humo gizani. Harufu ni ya pumba na ya joto la wadudu wengi. Si mbaya.

Nilijitambulisha, nikasema nataka nyenje wa vyura. Nilitegemea aniulize kilo ngapi.

"Shikamoo mwalimu. Hao vyura wako, mdomo upana gani?"

"Marahaba mwanangu. Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Vifaranga, mwalimu. Kifaranga wa siku tatu ukimpa nyenje mkubwa, anamkimbia."

Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa mtu. Kanuni ninayowafundisha wanafunzi ni kwamba mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya chura, na huyu kijana ameifikia mwenyewe kwa kutazama kuku wake. Anawatenga nyenje kwa makundi matatu. Wadogo anawaita "mchele", wa kati "maharage", na waliokomaa "wakubwa". Hamsini wa mchele ni shilingi 3,000, hamsini wa maharage 4,000, na thelathini wakubwa 5,000. Wengine mjini wanauza nyenje waliokaushwa kwa uzito, chakula kizuri cha kuku, lakini kwa chura hakina thamani yoyote.

Wale wakubwa wa kijani walikula usiku huohuo. Nilimwachia kila mmoja nyenje mmoja, nikazima taa, nikasikia kishindo cha kwanza kabla sijafika mlangoni. Wa mistari alichukua siku tatu, akaanza na maharage mmoja, kesho yake wawili. Chura mwekundu alimtazama nyenje wa mchele akipanda juu ya mguu wake, akafumba macho.

Nikarudi Nzuguni. Bibi alikuwa amekaa nje anachambua mlenda. "Mbukwa," akanisalimu, nami nikaitikia kwa Kigogo changu kidogo, nikamweleza mjukuu wake habari za chura mweusi mwenye mistari myekundu. Bibi ndiye aliyejibu. Alisema chura huyo akiwa msichana walikuwa wakimkuta kwenye vichuguu, na mtoto alikatazwa kumshika. Kama anakaa kichuguuni, basi anakula mchwa. Ni nini kingine kilichomo humo?

Nilijua kwamba vyura wa aina hii hupenda mchwa na sisimizi, nilishasoma. Nilichokuwa sijui ni namna ya kuwapata mchwa wengi, wazima, bila kubomoa kichuguu. Bibi anajua. Anachukua chungu kikuukuu, anakijaza nyasi kavu na samadi ya ng'ombe iliyoloanishwa, jioni anakifunika kifudifudi juu ya njia ya mchwa iliyokwanguliwa kidogo, na juu yake anatupia gunia. Alfajiri kabla ya jua chungu kimejaa. Ndivyo walivyolisha vifaranga tangu zamani. Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi kijana alikuwa kwenye geti la shule na kopo la mchwa, ndani ameweka udongo wenye unyevu na kipande cha samadi ili wasikauke. Alikuwa ametega usiku bila kuombwa mara ya pili. Alitaka shilingi 2,000.

Saa 1 usiku niliweka mchwa kumi kwenye kisahani cha udongo mbele ya kigae, nikakaa chini na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha pua ilitokea, halafu mistari miwili. Alitoka kwa miguu, hatua moja moja, kama mtu anayepita ndani ya nyumba yenye watu waliolala. Akafika ukingoni mwa kisahani akasimama. Mchwa mmoja alikuwa anapanda ukingo. Kidole kirefu cha mguu wa nyuma wa chura kikaanza kutetemeka, kikatetemeka, mwili wote mwingine umetulia kama kinyago. Ulimi sikuuona. Niliona mchwa hayupo, na macho ya chura yakizama ndani ya kichwa kisha yakirudi, maana chura hutumia macho yake kusukuma tonge likashuke kooni. Macho yalizama mara kumi. Nikaongeza mchwa, yakazama mara kumi na tatu zaidi. Niliandika 23 kwenye daftari, na mkono wangu haukuwa umetulia.

Baada ya wiki mbili alikuwa na gramu 8.2. Leo ana 10.1.

Sasa yale ambayo hayakwenda vizuri, kwa kuwa anayetaka kununua anastahili kuyajua. Aprili oda yangu ya nyenje sitini ilipakiwa kwenye kopo la plastiki lenye matundu manne ya msumari, ikapewa bodaboda saa 6 mchana. Bodaboda alipitia kwa wateja wengine wawili. Kopo lilipofika lilikuwa la moto kushika, na nyenje 41 walikuwa wamekufa. Nilipiga picha nikamtumia kijana. Kwanza alisema atanirudishia nusu, kwa kuwa lililotokea barabarani si lake. Sikukubali: aliyechagua kopo ni yeye, aliyechagua saa ni yeye. Jioni alinipigia mwenyewe, akaomba radhi, na asubuhi akaleta sitini wengine bila malipo ndani ya ndoo ndogo yenye chandarua. Tangu hapo hatumi kitu kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Lakini lilihitaji mabishano, na mteja mgeni asiyejua kubishana angepoteza fedha yake.

La pili ni hesabu. Ukiagiza mchele hamsini, hesabu mwenyewe. Mara nne nimepata arobaini na kitu, na mara mbili wakubwa wamechanganyika na wadogo. Nyenje mkubwa anakula mdogo, hivyo kopo lililochanganywa hupungua njiani. Si ujanja, ni haraka ya kupakia usiku.

La tatu lilinigusa zaidi, ingawa kosa ni langu. Mwezi wa pili niliacha nyenje wakubwa sita usiku kucha kwenye tangi la yule wa mistari, nikiamini atawamaliza. Nyenje mwenye njaa hutafuna chochote. Asubuhi nilikuta kidole cha mguu wake kimeliwa ncha, chekundu, naye amejibana pembeni. Kilipona kwa wiki tatu. Kama muuzaji yeyote atakuambia nyenje waliobaki waachwe tu, usimsikilize. Kijana huyu aliniambia hivyo, na nilipomwonyesha kile kidole alinyamaza kwa muda. Sasa anawaambia wateja wake wote wa vyura na ndege wawaondoe.

Na lingine ni chakula cha nyenje wenyewe. Alikuwa anawalisha pumba tupu. Nyenje aliyekula pumba tupu ni ganda lenye njaa, na chura hula kilichomo tumboni mwa nyenje pamoja na nyenje. Isitoshe, nyenje kwa asili ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Chura akilishwa hao peke yao kwa miezi, mifupa hulainika, taya hupinda, mwisho hawezi hata kufunga mdomo. Niliomba siku mbili kabla ya kuniletea awape mchicha, karoti na boga. Alikubali papo hapo, bei haikupanda, na baada ya mwezi aliniambia hata vifo ndani ya ndoo zake vimepungua. Sifa hii nampa kwa moyo wote: ukimwambia jambo lenye sababu, analifanya.

Unga wa kalsiamu hauzi yeye, na hapa wengi watakosea. Duka moja la pembejeo lilinipa DCP, ile ya kuchanganya kwenye chakula cha ng'ombe na kuku. DCP ina fosforasi ndani yake, na fosforasi ndiyo tayari imezidi. Unachotaka ni kalsiamu kaboneti, na iko jikoni: maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa juani, yakasagwa na kuchujwa kwa kitambaa cha kanga mpaka yawe kama poda ya mtoto. Natia nyenje kwenye mfuko wa nailoni na kijiko kidogo cha unga huo, natikisa taratibu, wanatoka weupe. Mara moja kwa wiki unga unakuwa na vitamini, hasa A na D3. Yule mdogo kati ya vyura wa kijani mwezi Juni alianza kukosa shabaha. Alirusha ulimi, ukamgusa nyenje, lakini haukunata. Daktari wa mifugo aliyemwangalia alitaja upungufu wa vitamini A, ambao huondoa ute wa ulimi, akatoa dozi yake. Usijipimie mwenyewe, vitamini A ikizidi nayo ni sumu.

Wapo wengine wa kununua kwao, nimewajaribu. Funza wa nzi weusi, wanaofugwa kwa ajili ya kuku, wana kalsiamu nzuri kuliko nyenje na ni rahisi, lakini wanajichimbia kwenye udongo wa tangi kabla chura hajageuka. Watie kwenye kisahani chenye ukingo. Minyoo ya chambo kutoka bwawa la Hombolo, wale vyura wakubwa wa kijani wanaipenda mno. Mdudu wa kuokota nyumbani au shambani siku hizi simgusi, kwa kuwa huwezi kujua nani amepulizia dawa jana.

Juni na Julai jitayarishe. Usiku wa Dodoma unakuwa baridi, nyenje wanakua polepole, na kwa wiki tatu mwaka huu hakuwa na mchele hata mmoja. Alinipigia mapema kunijulisha, jambo ambalo si kila mfanyabiashara hufanya, na akaongeza mchwa mara mbili kwa wiki badala yake. Vyura nao hupunguza kula wakati huo. Mmoja wa kijani alijifukia tarehe 2 Julai na hajatoka, nami simfukui. Uzito wake ulikuwa mzuri alipoingia chini, na ardhi yake nailinda isikauke kabisa.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja ninaishikilia kwa ajili ya kopo la Aprili na hesabu pungufu, na nimemwambia hivyo usoni. Ukitaka kwenda, mwambie una mnyama gani na ana upana gani wa mdomo, peleka ndoo yako mwenyewe yenye chandarua, weka oda siku mbili kabla ili nyenje washibe mboga, na uchukue asubuhi. Lipa kwa simu au taslimu, vyote anapokea. Mchwa ni lazima kuagiza kwa bibi kabla ya saa 10 jioni, kwa sababu akishatega hatoki tena usiku.

Jumanne iliyopita nilikuta ameongeza ndoo mbili mpya upande wa kulia, zenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: VYURA VYA MWALIMU. Ndani mlikuwa na nyenje waliotoka kuanguliwa, wadogo kuliko ufuta. Alisema ni wa Desemba, wazazi wa wale watakaokuwa mchele mvua zikianza, "ili usije ukaniambia tena hawapo." Chura mwekundu jana usiku alikula mchwa kumi na wanane, na katikati yao, nyenje wawili.